Kinywa Kikituma Taarifa, Nani Atapokea?

Hotuba kwa wanafunzi wa afya ya kinywa, uuguzi na uhandisi, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wauguzi, na ninyi vijana wa uhandisi mliokubali kuja kukaa na watu wa meno: wakubwa zangu shikamooni, na wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupimia, vinavyovaliwa kinywani kufuatilia afya ya mtu. Najua wengi mnategemea nianze na simu na akili bandia. Naomba nianze nyuma zaidi, maana kazi hii ni ya zamani kuliko wengi wenu mnavyodhani, na waliotutangulia walikwishatuonyesha njia ambayo sisi tunaelekea kuisahau.

Katika miaka ya 1940 daktari wa meno Mmarekani, Robert Stephan, alichukua elektrodi, ncha nyembamba ya kupimia kwa umeme iliyotengenezwa kwa antimoni, akaigusisha kwenye ukoga wa meno ya watu, ule utando wa bakteria unaoota juu ya meno, kisha akawapa maji ya glukosi wasukutue. Dakika chache tu, pH, kipimo cha asidi ambacho namba yake hushuka asidi inapozidi, ikaporomoka. Ukoga uligeuka asidi, ukakaa hivyo, halafu pH ikapanda polepole hadi kurudi ilipoanzia baada ya nusu saa au saa nzima. Mchoro wa mteremko ule kila mwanafunzi wa meno humu ndani ameuchora kwenye mtihani. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli, ganda gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini yake. Ndiyo sababu tunawaambia wagonjwa kwamba idadi ya mara unazoonja sukari kwa siku ina uzito sawa na wingi wa sukari yenyewe, pengine zaidi. Anayekunywa chai ya sukari asubuhi, soda saa nne, juisi ya miwa mchana na chai tena jioni, na katikati yake anamung'unya pipi, hayapi mate nafasi ya kulitibu jino.

Miaka ya 1960 Hans Mühlemann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Zurich wakasonga mbele: badala ya kugusisha kipimo na kukiondoa, wakakiacha humohumo. Waliwatumia watu wa kujitolea waliokuwa na mapengo na waliovaa meno bandia ya kuvua. Ndani ya meno yale bandia waliificha elektrodi ndogo, ncha yake imeelekea ule upenyo kati ya jino na jino ambao mswaki haufiki. Ukoga uliachwa uote juu ya ncha ile kwa siku kadhaa. Kisha mtu alipewa pipi au biskuti atafune, nao wakisoma pH inavyokwenda, dakika kwa dakika, kinywani mwa mtu anayekula kama anavyokula siku zote.

Angalieni kilichofuata. Kutokana na kazi ile Uswisi ilipata kanuni: pipi isiyoishusha pH ya ukoga chini ya 5.7 wakati wa kuliwa na kwa dakika 30 baada ya hapo inaweza kutangazwa kuwa haidhuru meno. Tangu 1982 kuna chama kinachosimamia alama yake, jino linalotabasamu chini ya mwavuli, na mama anayemnunulia mtoto pipi dukani anaiona pale kwenye karatasi. Yaani namba iliyotoka kwenye elektrodi iliyofichwa kinywani ilipokelewa na mtu wa maabara, ikapokelewa na mwenye kiwanda, ikapokelewa na serikali, ikamfikia mnunuzi. Mlolongo huo wa wapokeaji ndio ninaotaka tuuzungumze leo. Vifaa vitatengenezwa tu, vijana wana akili. Wasiwasi wangu ni kuhusu mpokeaji.

Sasa, kwa nini kinywa? Saa za mkononi tumezizoea, zinahesabu hatua na mapigo ya moyo. Lakini ngozi ya mkono ni ukuta, haitoi habari nyingi za ndani. Kinywani kuna mate. Tezi zetu hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Asilimia 99 ni maji, na katika hiyo sehemu ndogo iliyobaki kuna madini, vimeng'enya, homoni, kingamwili, asidi ya yuriki, na chembechembe za dawa alizomeza mtu. Kinywani kuna joto la mwili. Kuna pumzi inayopita. Na kuna meno ya juu, ambayo yameshikamana na fuvu lenyewe. Hili la mwisho mlishike, nitalirudia.

Watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kubembelezwa tuamini kwamba kinywa kinaweza kusema habari za mwili mzima. Kipimo cha kujipima VVU kwa kupitisha kijiti kwenye fizi tunakijua. Kenya ilikizindua kwa umma mwaka 2017, na Tanzania ilirekebisha sheria yake mwaka 2019 ili mtu aruhusiwe kujipima. Unapitisha kijiti kwenye ufizi wa juu, kisha wa chini, unakitia kwenye dawa, unasubiri kama dakika 20. Kinachotafutwa pale ni kingamwili. Waliotengeneza utaratibu ule walijua kwamba mistari miwili sebuleni, mtu akiwa peke yake usiku, haijawa huduma ya afya. Ndiyo maana wakaweka namba ya simu ya ushauri, wakasisitiza kwamba majibu lazima yathibitishwe kituoni, na kituoni akawekwa mshauri na dawa. Kijiti ni sehemu ndogo kabisa ya kazi ile.

Nije kwenye raga, kwa sababu kati ya vihisi vyote vya kinywani naona hapo ndipo palipofika mbali zaidi katika matumizi ya kweli. Majirani zetu Wakenya wanaoupenda mchezo huu watanielewa upesi.

Mchezaji wa raga huvaa kinga ya meno. Ndani ya kinga ya kisasa vimewekwa vihisi viwili vidogo: kimoja kinapima mwendo unaobadilika ghafla kwenda mbele, nyuma au kando, kingine kinapima kichwa kinavyozungushwa. Huko nyuma watu walijaribu kubandika vihisi kwenye ngozi nyuma ya sikio au kuviweka ndani ya kofia, lakini ngozi inateleza na kofia inacheza, hivyo namba zinadanganya. Meno ya juu hayatelezi. Fuvu likitikiswa, nayo yanatikiswa vilevile, kwa kiasi kilekile. Kinga iliyochongwa kwa kipimo cha meno ya mchezaji mwenyewe inapata habari za fuvu moja kwa moja.

Kuanzia Januari 2024 World Rugby, shirikisho la raga la dunia, iliingiza kinga hizi katika utaratibu wa kuchunguza majeraha ya kichwa kwenye mashindano yake makubwa. Pigo likivuka kiwango kilichowekwa, na kiwango cha wanawake ni cha chini kuliko cha wanaume, taarifa inaruka kwa Bluetooth hadi kwenye kifaa cha daktari wa mechi, ambaye hayuko chini ya timu yoyote. Mchezaji anatolewa, anapimwa kumbukumbu, mizani ya mwili na dalili nyingine, ndipo inaamuliwa kama anarudi.

Kinga haisemi kwamba mchezaji amepata mtikisiko wa ubongo. Haiwezi. Kuna mtu anapigwa kwa nguvu kubwa na ubongo wake ukabaki salama, na kuna mwingine anapata mtikisiko kwa pigo dogo. Kinga inasema tu: huyu mtazameni. Mwanzoni mwa 2024 kuna wachezaji waliolalamika kutolewa uwanjani ilhali hawasikii chochote, na mijadala ikawa mikali. Mimi sikuona aibu yoyote katika mijadala ile. Ndivyo chombo kipya kinavyofundishwa kazi. La muhimu ni kwamba kila taarifa ilikuwa na mwenyewe: daktari aliyefunzwa, aliyesimama hatua chache kutoka uwanjani, mwenye mamlaka ya kumtoa mchezaji hata kocha akinuna.

Mchukueni daktari huyo mumwondoe, mbakize kinga. Mnabaki na nini? Mnabaki na plastiki ghali yenye betri.

Nayasema haya nikifikiria ngumi. Jiji letu linapenda ngumi. Vijana wanafanya mazoezi kwenye kumbi ndogo za mitaani, wanapigana raundi za mazoezi siku baada ya siku, na wataalamu wa majeraha ya kichwa wamekuwa wakitukumbusha kwamba mapigo ya mazoezini, yale yasiyo na kamera wala mwamuzi, nayo yanajumlishwa. Bondia tayari anavaa kinga ya meno. Kuweka kihisi ndani yake si jambo gumu kwa mhandisi. Lakini kabla hujanunua hata kimoja, nionyeshe kwanza nani ukumbini atasoma ile taarifa, na akiisoma atakuwa na nguvu ya kumwambia kijana leo vua glovu, nenda nyumbani, urudi ukiwa umechunguzwa. Mkimpata mtu huyo na mkamfunza, hata bila kihisi mmeokoa vichwa. Kihisi kitakuja kumsaidia kuona anachokikosa.

Upande wa kemia ya mate, kazi nyingi bado iko maabara, ingawa ni kazi ya kuvutia sana. Mwaka 2012 watafiti wa Princeton na Tufts walichapa kihisi cha grafini, kaboni nyembamba mno, juu ya utando wa hariri, wakakihamishia kwenye jino la ng'ombe. Hariri ikayeyuka, kihisi kikabaki. Kiliweza kutambua bakteria, wakiwemo wale wa Helicobacter pylori wanaohusika na vidonda vya tumbo. Chuo Kikuu cha California kule San Diego, kundi la Joseph Wang lilitengeneza kinga ya meno yenye kimeng'enya kinachoitafuta asidi ya yuriki ndani ya mate, ile ile ambayo ikizidi mwilini huleta jongo. Hiyo ilikuwa 2015. Mwaka 2018 Tufts tena, wakiongozwa na Fiorenzo Omenetto, walitoa kihisi cha milimita 2 kwa 2 kinachobandikwa juu ya jino. Hakina betri. Kina tabaka katikati linalobadilika likikutana na chumvi, glukosi au pombe, na pete mbili za dhahabu zinazofanya kazi ya antena. Ukikipelekea mawimbi ya redio kinayarudisha yakiwa yamebadilika, nawe unasoma mabadiliko hayo.

Kilichonigusa zaidi ni cha watoto wachanga. Mwaka 2022 watafiti wa Washington State University na wenzao walionyesha chuchu ya kumtuliza mtoto yenye mifereji midogo inayovuta mate yenyewe, na ndani yake vihisi vya sodiamu na potasiamu. Waliijaribu kwa watoto waliolazwa hospitalini, na vipimo vilikaribiana na vya damu. Wauguzi wa wodi za watoto njiti mliomo humu mnajua mshipa wa mtoto wa kilo moja na nusu ulivyo, na mnajua kumchoma mara kwa mara kunavyomchosha yeye, mama yake na ninyi wenyewe. Hapo naona manufaa yaliyo wazi. Na mwone tena: wodini muuguzi yupo, saa 24. Mpokeaji tayari ameajiriwa.

Sasa la sukari, maana najua ndilo swali lililo vinywani mwenu. Mtu mwenye kisukari amechoka kujichoma kidole. Je, si angevaa kitu kwenye gego kimpe sukari yake siku nzima?

Natamani ningesema ndiyo. Glukosi ya kwenye mate ni kidogo mno ikilinganishwa na ya kwenye damu, na haifuati ya damu kwa uaminifu kwa kila mtu. Mate yakitoka kwa wingi, kipimo kinabadilika. Mtu akila muhogo, chakula chenyewe kinaacha wanga na sukari palepale kilipo kihisi. Ukoga tuliousema, ule ule wa Stephan, unakifunika kihisi ndani ya siku chache, na sasa unapima maisha ya bakteria badala ya maisha ya mgonjwa. Ongeza chai ya moto, barafu, na nguvu ya magego yanayosaga mfupa wa kuku.

Halafu kuna hili, na naomba madaktari wa meno mlisikie vizuri. Fizi zinazotoka damu huchanganya damu na mate, na damu kidogo tu inatosha kuvuruga kipimo. Nani ana fizi zinazotoka damu? Mara nyingi ni mwenye kisukari kisichodhibitiwa, kwa sababu kisukari na ugonjwa wa fizi vinachocheana. Yule anayekihitaji kihisi kuliko wote ndiye mwenye kinywa kitakachokipotosha kuliko vyote. Kwa hiyo hata ndoto hii ya kisasa kabisa inapita kwanza kwenye kazi ya kale: kusafisha ukoga, kutibu fizi, kufundisha watu kupiga mswaki. Hakuna njia ya mkato inayokiruka kiti cha daktari wa meno.

Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo dhidi ya saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, kwa sababu haikuwa imeidhinisha hata moja. Mtu akijichoma insulini kwa namba ya uongo, anaweza kufa. Siku mtakapoona tangazo mtandaoni la kihisi cha jino kinachopima sukari, ulizeni kama mamlaka husika, kwa hapa kwetu TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, imekiona. Na mgonjwa wenu mwambieni aendelee na kidole.

Nirudi kwenye hesabu ya watu. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za miaka ya 2014 hadi 2019, kanda ya Afrika ilikuwa na madaktari wa meno 3.3 kwa kila watu 100,000, karibu sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Ukisambaza vihisi 1,000 wilayani, kila kimoja kikatuma taarifa kila baada ya dakika chache, nani anazisoma? Tabibu wa meno wa wilaya ambaye asubuhi ana foleni ya watu wa kung'olewa? Taarifa zisizosomwa zina madhara yake. Mgonjwa anaamini kuna mtu anamwangalia, kwa hiyo anaacha kujiangalia mwenyewe.

Na ziko taarifa zitakazosomwa na wasiostahili. Kihisi kinachotambua pombe kinywani kinaweza kumsaidia mtu anayejaribu kuacha. Kinaweza pia kudaiwa na mwajiri. Huko Ulaya madaktari wa kunyoosha meno hupachika kwenye vifaa vya kuvua chipu inayopima joto kila baada ya dakika 15 ili kujua mtoto amevaa saa ngapi, na wamegundua kwamba watoto wanavaa kwa saa chache mno kuliko walizoagizwa. Ni jambo jema kulijua, daktari akilitumia kumwelewa mtoto. Likitumika kumgombeza au kumnyima bima, tumeligeuza jino lake kuwa mpelelezi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Wahandisi, zisomeni kabla ya kuchora saketi. Mimi msimamo wangu ni huu: kinachotoka kinywani mwa mtu ni mali yake, na asiyetibu hana haki ya kukiona bila ridhaa ya mwenyewe.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo niseme ninachowaomba.

Msianze na sukari. Anzeni na ukoga. Kipimo cha pH ni teknolojia inayoeleweka, na wanafunzi wa uhandisi mnaweza kukiweka kwenye kibao cha plastiki cha kaakaa kinachovuliwa, kilichotengenezwa kwa kipimo cha kinywa cha mtu. Kivaliwe kwa saa chache, chini ya uangalizi, na watu wazima waliokubali kwa maandishi baada ya kamati ya maadili kuridhia. Hakikisheni hakimezeki na hakina betri inayoweza kuvuja. Kisha pimeni vyakula vyetu: chai ya maziwa yenye sukari, kashata, visheti, kaimati, ubuyu wa rangi, juisi ya miwa, ndizi mbivu. Zurich walipima pipi zao. Vyakula vya meza zetu na vya mlangoni pa shule zetu tuvipime wenyewe.

Mpokeaji wa namba hizo mnamwona mapema: mwalimu wa shule ya msingi anayeamua nini kiuzwe getini, na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anayetoa ushauri wa lishe. Kabla ya kuchora chochote, nendeni mkawaulize watu hao wawili wanataka kujua nini na wangefanya nini wakijua. Majibu yao ndiyo yawe ukurasa wa kwanza wa andiko lenu la mradi.

Nitakuwa kwenye meza ya nyuma wakati wa chai. Anayetaka kuingia kwenye kazi hii aje na mwenzake wa fani nyingine. Mtu wa meno aje na mhandisi, mhandisi aje na muuguzi. Asanteni sana.